Mashine ya kwanza ya polishi: hela iende kwenye pedi, si kwenye wati

Msomaji mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniletea ujumbe. Anaosha magari, wateja wanamuuliza kila mara kama anapiga polishi pia, na sasa amekusanya hela ya mashine ya kwanza. Dukani mjini wamemwonyesha ya inchi 7, mizunguko 3,000 kwa dakika, ndani ya boksi imo pedi ya manyoya, na bei wamempunguzia. Anauliza: nichukue?

Usichukue, ndugu yangu. Najua inavutia. Ni kubwa, inanguruma, na inaonekana kama mashine ya fundi kweli. Lakini kwa anayeanza, mashine hiyo na pedi hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote ya kulipia rangi ya gari la mtu.

Mashine za polishi ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni rotari, ambayo sahani yake (kile kibao cha duara kinachobeba pedi) inazunguka upande mmoja tu, kama grenda. Inakata haraka, ila joto lote linabaki pale ulipoisimamisha, na ukifika kwenye ukingo wa boneti au mkunjo wa mlango sekunde chache zinatosha kula klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda rangi yenyewe. Rangi ya kiwandani, kuanzia bati hadi juu, kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, na klia ndani yake ni kama maikroni 40, pungufu ya unene wa unywele. Kila ukikata kwa kompaundi nzito (dawa ya kusugulia yenye chembe za kukata) unaondoa maikroni kadhaa. Hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo, na si ya kwako, ni ya mteja.

Ya pili ni DA, yaani "dual action", mwendo wa aina mbili. Hii inazunguka huku ikiyumba, na ukiikandamiza sana inaacha kuzunguka badala ya kuchoma rangi. Inachelewa kidogo, lakini inasamehe. Urefu wa kuyumba unaandikwa kwa milimita: 8, 15 au 21. Kwa bajeti ndogo nashauri ya 8 yenye sahani ya inchi 5. Ya 15 na ya 21 zinamaliza paa la Hiace upesi, ila zile za bei ya chini zinatetemeka hadi mkono unakufa ganzi, na kwenye miili yenye mikunjo mingi kama IST au Vitz zinasimama ovyo. Mashine ya mm 8 iliyotengenezwa vizuri ni bora mara kumi kuliko ya mm 21 ya kubahatisha.

Na tafadhali, asikudanganye mtu ufunge pedi kwenye grenda. Pedi nyingi za rotari zina nyuzi za M14, na grenda nyingi zina M14 hiyohiyo, kwa hiyo inaingia vizuri kabisa. Ndipo mtego ulipo. Grenda ya mm 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Polishi kwa rotari inafanyika kati ya 1,000 na 1,800. Kwa spidi ya grenda sponji inachanika na kuruka, na kabla haijaruka klia imeshaungua. Drili nayo iache: haina balansi, na mota yake haikuundwa kubeba mzigo wa pembeni kwa masaa.

Ukifika dukani soma kibandiko kabla ya kusikiliza bei. Kiandikwe 220 hadi 240 V, 50 Hz. Zipo mashine za soko la Marekani za 110 V zinazouzwa rahisi, na ukizichomeka kwenye umeme wa TANESCO zinaungua siku hiyohiyo. Wati zisikuzuzue: zinaonyesha umeme mashine inaokula, si kazi inayotoa. DA ya mm 8 yenye wati 700 hadi 900 inatosha gari dogo lolote. Muhimu zaidi ni kidhibiti spidi, na ianze polepole ukibonyeza, isirushe kompaundi kwenye vioo. Uliza kaboni za akiba (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota na kulika) zinapatikana wapi. Mashine ambayo kaboni zake hazipo mjini utaishia kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota, na gharama hiyo inakaribia bei ya mashine. Uliza na sahani ya akiba pia, kwa sababu meno ya velkro yanalika, na DA nyingi hazitumii M14, kwa hiyo usidhani sahani ya rotari itaingia.

Iwashe hapohapo dukani dakika tano, uishike kwa mikono yote miwili. Ikiwa moto shingoni au inanuka waya, rudisha.

Sasa mgao wa hela, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Iwe una laki tatu au laki sita, nusu iende kwenye mashine, robo kwenye pedi, robo kwenye kompaundi, vitambaa na tepu ya karatasi. Ukiona mashine inakula zaidi ya nusu, shuka daraja la mashine, usishushe pedi. Mashine haigusi rangi. Kinachogusa rangi ni pedi.

Pedi ziko za manyoya, za maikrofaiba na za sponji. Manyoya yanakata kuliko zote na hayashiki joto sana, lakini yanaacha mistari ya duara inayoonekana juani, na hiyo mistari lazima uifuate tena kwa sponji. Maikrofaiba kwenye DA inakata vizuri sana, ila inajaa haraka na ni ghali kuitunza. Kwa seti ya kwanza chukua sponji sita: mbili ngumu za kukata, tatu za kati, moja laini ya kumalizia. Usichague kwa rangi ya pedi. Ya chungwa ya kampuni moja ni ya kukata, ya kampuni nyingine ni ya kati. Ibonyeze kwa kidole gumba: ngumu inarudi mara moja, laini inazama na kurudi taratibu. Angalia na unene. Kwa DA ya mm 8 chukua pedi ya mm 25 hivi, kwa sababu pedi nene ya mm 40 au 50 inameza mtikisiko wote, na mashine inanguruma bure bila kukata kitu.

Kipimo kingine kinachosahaulika: pedi lazima iwe pana kuliko sahani. Kwa sahani ya mm 125, pedi iwe mm 135 hadi 150. Zikilingana, siku utakayoinama kidogo ukingo mgumu wa sahani utagusa mlango, na mkwaruzo huo polishi haiutoi.

Kwa nini sita na si mbili? Hesabu vipande vya IST: boneti, paa, milango minne, madigadi mawili ya mbele, ubavu wa nyuma kushoto na kulia, mlango wa nyuma, bampa mbili. Hivyo ni vipande 13. Pedi moja inafanya kazi yake sawasawa kwa vipande viwili hivi, kisha inalowa kompaundi na vumbi la klia. Sponji iliyolowa inakuwa laini, haikati. Wewe unaona haikati, unaongeza nguvu. Joto linapanda, na linaanzia katikati ambako hakuna upepo. Ukiichungulia pedi iliyokufa utaliona vizuri: pembeni nzima kama mpya, katikati gundi imeyeyuka na sponji imejiachia kutoka kwenye velkro, duara la ukubwa wa sarafu. Wengi wanasema pedi ilikuwa feki. Mara nyingi haikuwa feki, ilifanyishwa kazi ya pedi tatu.

Upande wa kompaundi una bahati, kwa sababu magari mengi ya Mwanza ni ya Kijapani na rangi zake kwa kawaida ni laini. Huhitaji kuanza na kompaundi nzito ya kutoa alama za msasa. Chupa moja ya polishi ya kati, pamoja na pedi ya kati, inaondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo ya kuoshea. Nzito nunua chupa ndogo, itumike pale tu ya kati inaposhindwa. Toyota nyeupe yenye msimbo wa rangi 040 mara nyingi haina klia kabisa, kwa hiyo pedi itageuka nyeupe kwa rangi yenyewe. Usiogope, lakini jua kwamba unapunguza rangi moja kwa moja, na safisha pedi mara mbili zaidi.

Mikwaruzo yetu ina sababu zake. Vumbi la mji huu linatokana na miamba ya matale, na ndani yake mna kwazi, madini magumu kuliko kioo cha dirisha. Ukisugua gari kavu kwa kitambaa, au ukitumia ndoo moja ya maji kwa magari matatu, unasugua kwa msasa. Ndiyo maana nasema aliyekwisha kuosha vizuri ameshafanya nusu ya polishi. Ndoo mbili, shampuu ya gari na si sabuni ya unga, kisha udongo maalumu wa kusafishia rangi wenye maji ya sabuni, mpaka kiganja kiteleze juu ya boneti bila kukwama. Vijidudu vya ziwani vilivyokauka kwenye bampa viloweshe kwanza, visikwanguliwe. Kinyesi cha makorongo wa Kirumba ni kesi nyingine: kikikaa juani kinatoboa klia na kuacha shimo lenye ukingo. Pitisha ukucha. Ukinasa, mwambie mteja mapema kuwa alama itafifia lakini haitaisha. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo wowote jibu ni hilohilo.

Kazi yenyewe ianze na jaribio. Chora kwa tepu eneo la sm 40 kwa 40 kwenye boneti, anza na pedi laini na ile polishi ya kati, kagua kwa tochi ya simu, ndipo upande ngazi. Pedi mpya ipake kompaundi usoni kote mara ya kwanza, baada ya hapo matone manne ukubwa wa punje ya kunde yanatosha. Sambaza kwa spidi namba 1, fanya kazi kwa namba 4 au 5, ukisogeza mkono sm 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, kwanza mlalo kisha wima, jumla mara nne hadi sita. Chora mstari wa maka peni ubavuni mwa sahani. Ukiuona unazunguka, pedi inakata. Ukiona umesimama na mashine inatetemeka tu, umekandamiza mno au umeiinamisha. Plastiki nyeusi, mipira ya vioo na kingo zote kali zizibe kwa tepu, maana kompaundi ikikauka kwenye plastiki inabaki nyeupe.

Usifanye juani. Bati likiwa la moto kompaundi inakauka kabla haijafanya kazi. Alfajiri hadi saa nne asubuhi ndio wakati mzuri, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuleta vumbi. Usiku chini ya taa haufai huku kwetu, vijidudu vinafuata mwanga na vinanasa kwenye polishi mbichi.

Na jambo hili nalisema kwa uzito: polishi zina mafuta, na mafuta yanaficha mikwaruzo. Gari litang'aa jioni, baada ya kuoshwa mara mbili mistari yote inarudi, na mteja anaamini umemwibia. Kabla ya kukabidhi, pangusa kila kipande kwa spiriti ya isopropili. Ile ya asilimia 70 changanya sehemu moja kwa nne za maji ya chupa. Kinachobaki baada ya hapo ndiyo kazi yako halisi. Asiyetaka kuiona asimtoze mtu hela.

Umeme usikuogopeshe. Mashine ya wati 900 ikifanya kazi masaa manne mfululizo haizidi uniti 4 za LUKU. Ekstensheni iwe na waya wa mm 1.5, na kama ni ya kuviringisha ifungue yote, iliyoviringwa inapata moto. Kwa jenereta, usishuke chini ya KVA 2.

Pedi zisafishwe wakati wa kazi, si baada ya kazi. Kila ukimaliza kipande, washa mashine spidi ya chini na gusa sponji kwa brashi laini, vumbi la klia litoke likiwa bado bichi. Jioni zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya maji, zikamue kwa kubana kati ya viganja, usizisokote. Zianike kivulini, sponji ikiangalia chini ili maji yasituame kwenye gundi ya velkro, kisha zihifadhi kwenye mfuko unaofungwa, za kukata peke yake na za kumalizia peke yake. Punje moja ya mchanga ndani ya pedi laini itachora boneti nzima. Na usizioshee ufukweni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli kama hizo ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na maji ya kompaundi si kitu cha kuwamwagia samaki.

Hela ya magari ya mwanzo ikiingia, usikimbilie mashine ya pili. Ongeza pedi tatu za kati, na ndogo mbili za inchi 3 za kufanyia kwa mkono kwenye nguzo za milango na pembeni mwa taa, mahali ambapo ile ya inchi 5 haiingii.