Mdogo wako kapita usaili wa rialiti? Soma yaliyonikuta mimi kwanza

Mkuu mleta mada, salaam kutoka Nkuhungu, Dodoma. Umesema mdogo wako wa kike yuko Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka wa pili, kapita usaili wa kipindi cha vijana kuishi nyumba moja wiki nane huku wanarekodiwa, mzee kagoma, mama kakubali, na sasa wote wanakusubiri wewe. Nimesoma michango yote ya wadau. Wengine wanasema ataharibika tabia, wengine wanasema hela hiyo, aende. Sijaona hata mmoja aliyewahi kuingia mwenyewe. Mimi niliingia mwaka 2012, nikiwa na miaka 22. Kituo sitakitaja, na kipindi chenyewe kilishakufa.

Ujue kwanza kilichonipeleka. Mwaka 2003, Big Brother Africa ya kwanza, kile kipindi cha tivi cha watu kufungiwa nyumba moja na kutolewa mmoja mmoja, nilikuwa darasa la sita. Nchi 12, washiriki 12, siku 106 ndani ya nyumba kule Afrika Kusini, na sisi Watanzania tuna Mwisho Mwampamba. Mtaani kwetu Majengo dishi lilikuwa moja, kwa jirani mmoja mfanyabiashara, na jioni tulikuwa tunajazana mkekani kwake mpaka mlangoni. Mwaka 2007 Mtanzania mwingine, Richard Bezuidenhout, akashinda, dola 100,000. Nilikuwa sekondari. Usiku ule kibanda umiza kizima kilisimama, watu wazima wanakumbatiana kama Taifa Stars imefuzu. Nikajiambia, kumbe mtu wa kawaida kabisa, bila kipaji cha mpira wala sauti ya kuimba, anaweza kupendwa na nchi nzima kwa kuwa yeye tu. Mdogo wako anafikiria hivyo hivyo, na siyo ujinga. Usimcheke.

Yetu ilikuwa kambi ya kijijini, siyo nyumba. Tulikuwa 16, wiki sita, tunachota maji, tunalima, tunapika kwa zamu kwenye mafiga, na unga unapimwa kwa kibaba kwa sababu waandaaji walitaka tuonje shida. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja, binti wa Tanga, akashikwa na homa kali usiku. Nikamwamsha kiongozi wa zamu, akaniruhusu, nikaingia ghalani na tochi, nikachota unga vibaba viwili, nikampikia uji. Kamera ilikuwepo tangu mwanzo, hata pale ninapoomba ruhusa.

Siku mbili baadaye tunaota moto, mazungumzo yakaenda kwenye njaa. Mimi ni Mgogo, na kwetu habari za njaa ni sehemu ya malezi. Nikawasimulia Mtunya, ile njaa iliyoipiga Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya Wajerumani na Waingereza kuzoa ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakata. Bibi alisimuliwa na mama yake kwamba ilifika mahali ndugu anapita mlangoni kwa ndugu hasalimii, maana salamu ingemlazimu kukaribishwa na chakula hakipo. Nikasema, "Bibi alikuwa anasema, wakati ule ilikuwa kila mtu na tumbo lake."

Wiki iliyofuata kipindi kikarushwa. Sisi kambini hatukukiona. Nchi ikaniona nanyata gizani na tochi, nachota unga, na juu ya picha hiyo inasikika sauti yangu: "Kila mtu na tumbo lake." Ruhusa haipo. Homa ya binti haipo. Bibi yangu hayupo.

Nieleze hilo lilivyofanyika, kwa sababu watazamaji wengi wa hapa jukwaani hawalijui. Kamera inafanya kazi usiku na mchana, halafu kwenye tivi panatoka dakika 45. Anayekaa na mkanda akachagua dakika zipi ziende ndiye anayeamua wewe ni nani. Kwenye mahojiano ya peke yako wanakuambia kila mara uvae shati lile lile. Mimi nilidhani ni mambo ya rangi kwenye kamera. Ni ili maneno ya Jumatatu yaunganishwe na ya Ijumaa na mtazamaji asigundue. Tena angalia siku nyingine ukitazama kipindi cha aina hii: ukisikia mtu anasema neno zito lakini mdomo wake huuoni, umeonyeshwa kisogo, au kuku anapita, au mti unatikisika, basi kuna uwezekano mkubwa maneno hayo yamekatwa sehemu nyingine yakashonewa hapo. Mimi nilionyeshwa mgongo.

Nilitolewa kwa kura wiki ya nne. Mjomba wangu wa Kibaigwa aliuza magunia mawili ya mahindi anunue vocha, apige kura niokolewe. Ujumbe mmoja wa kura ulikuwa na bei kubwa kuliko ujumbe wa kawaida, na fedha hiyo haikurudi hata baada ya mimi kutoka. Hili bado linaniuma.

Sasa wadau wanabishana humu kuhusu yatakayompata binti ndani ya nyumba. Nisikilizeni. Ndani kuna upweke, kuna kugombana, kuna kukosa usingizi, lakini mko pamoja na mnaelewana mnachopitia. Kazi ilinianzia niliposhuka basi. Konda wa daladala la kwanza nililopanda aliniangalia, akacheka, akawaambia abiria, "Oya, shikeni mizigo, mwizi wa unga kapanda." Watu wakacheka, siyo kwa ubaya. Walikuwa wanafurahi kuniona! Mama mmoja mtu mzima akanishika bega, akasema, "Mwanangu, njaa inatesa lakini usiibe wenzio." Alisema kwa upendo kabisa. Ningemjibu nini? Nilikuwa na mwaka mzima wa watu kama yule mama. Yule niliyeonyeshwa kwenye tivi alikuwa amefika Dodoma kabla yangu, amekaa na ndugu zangu, amezoeleka.

Mama yangu anauza nafaka sokoni Majengo. Kwake ndiko kulikouma zaidi. Wateja wakawa wanamtania anapopima, "Mama, tazama vizuri debe, isije ikawa mkono wa mwanao." Mwanamke aliyepima mtama na uwele miaka 20 bila kulalamikiwa. Hakuniambia. Nililijua kwa jirani yake wa meza. Mimi nikaacha kwenda sokoni, nikaacha kanisa, nikaacha na mpira wa jioni. Kazi ya duka la vifaa vya ujenzi niliyokuwa nimeahidiwa ikaota mbawa. Mwenye duka aliniambia wazi anajua tivi inakuza mambo, lakini wateja wake je? Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka saa tisa usiku najibu hoja kichwani, nawajibu watu ambao hawapo. Mtanzania Idris Sultan aliposhinda Big Brother Africa mwaka 2014, dola 300,000, mtaa ulilipuka kwa shangwe. Mimi nilifunga mlango. Nilimfurahia kwa kweli, ila kelele zile sikuziweza.

Na haya siyo ya Bongo peke yake. Susan Boyle mwaka 2009 alipata umaarufu wa dunia kwa wimbo mmoja kwenye mashindano ya vipaji Uingereza, na mara tu baada ya fainali akalazwa kwa kuchoka kihisia. Huko huko Uingereza mwaka 2019 kipindi cha mchana cha Jeremy Kyle kilifutwa baada ya mshiriki mmoja kufariki, bunge likafanya uchunguzi, na tangu Aprili 2021 vituo vya utangazaji vinawajibika kwa kanuni kuangalia hali ya washiriki wao. Japani, Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22, umri ule ule niliokuwa nao mimi, alijiua Mei 2020 baada ya mvua ya matusi ya mtandaoni kutokana na kipande cha kipindi walichokuwa wanaishi nyumba moja. Mwaka 2022 nchi yake ikakaza adhabu ya kutukana watu. Mimi mwaka 2012 nilitukanwa na mtaa na kurasa chache za Facebook. Mdogo wako atatukanwa na simu ya kila mtu, na kwa kuwa ni mwanamke atatukanwa mara mbili: kicheko chake, nguo yake, nani kakaa naye karibu.

Kwa upande wa watazamaji, wadau wanaosema ni burudani tu hawajakaa wakaangalia watoto. Msimu ule ule, watoto wa uani kwetu walikuwa na mchezo wao. Kila jioni wanakaa duara chini ya mwarobaini, wananong'ona, kisha wanapiga kura nani "atoke". Aliyetolewa anachukua kandambili zake anaenda kukaa kibarazani peke yake mpaka kesho. Mpwa wangu alitolewa siku tatu mfululizo. Nilimkuta anatazama wenzake, nikamwuliza kosa lake. Akasema, "Hakuna kosa, mjomba. Lazima mmoja atoke."

Lakini siwezi kusema vipindi vyote ni sumu, nitakuwa mwongo. Maisha Plus, kipindi cha hapa kwetu cha vijana kuishi kijijini, ilipowaingiza kijijini akina mama wazalishaji wa chakula, lile shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoanzishwa na shirika la Oxfam, shangazi yangu wa Mvumi hakukosa hata usiku mmoja. Aliona wanawake wa jembe kama yeye wanaongea, na nchi imetulia inawasikiliza. Mwaka uliofuata alisimama kwenye mkutano wa kijiji akadai shamba la marehemu mume wake lililokuwa limeshikwa na mashemeji. Alilipata. Na Marekani, wachumi wawili walitoa utafiti mwaka 2014 kwamba kipindi cha kituo cha tivi cha MTV kilichofuata maisha ya wasichana waliopata mimba wakiwa shule kilichangia kupungua kwa uzazi wa wasichana kwa asilimia 5.7. Watafiti wengine wamewapinga baadaye, lakini mimi kwa nilichokiona kwa shangazi naamini tivi inaweza kumsogeza mtu. Inategemea mkono unaokata mkanda unatafuta nini.

Kwa hiyo, mkuu, nisingemkataza. Ana miaka yake, na ukimzuia atakulaumu mpaka uzee. Ila mkataba usisainiwe siku unayoletwa. Mpelekeeni wakili, hata kama ni kuchangishana. Tazameni kipengele cha matumizi ya picha na sauti: wangu uliwapa haki ya kuhariri "kwa namna yoyote" na kutumia "milele", na niliusaini juu ya boneti ya gari. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wakili amweleze zinamlinda wapi na zinamwacha wapi. Waulizeni waandaaji kama kuna mshauri nasaha, na kama anaendelea hata baada ya mshiriki kutolewa, kwa muda gani, nani analipa. Wakijikanyaga kwenye jibu hilo, mna jibu lenu.

Simu yake akuachie wewe. Usijibizane na mtu mtandaoni kwa niaba yake. Hifadhi matusi kwa picha ya skrini, basi. Mama aandaliwe mapema, aambiwe kabisa kwamba atasikia mambo sokoni na kanisani, asiyabebe peke yake kama alivyobeba wangu.

Na siku atakayotoka, hata kama ni wiki ya kwanza, omba ruhusa kazini. Mimi nilishuka pale stendi saa moja jioni, vumbi limejaa, na hakuna aliyejua ninakuja. Yeye kama anarudi na treni ya umeme, fika stesheni mapema, simama pale wanapotokea abiria, awe anakuona wewe kabla hajaonwa na mtu mwingine. Muulize kama amekula. Mambo ya kwenye tivi subiri ayaanzishe mwenyewe.