Mama Fundi Anajibu: Boxster Iliyochoka au MX-5 Nzima?

SWALI

Shikamoo Mama Fundi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiweka akiba ya Porsche Boxster S ya 2006. Nilishaichagua mpaka rangi. Mwaka huu mama mkwe ameugua, mwenzangu ameacha kazi ili amuuguze, na tumekubaliana sehemu kubwa ya akiba iende huko. Sijutii. Kilichobaki ni nusu na kidogo.

Kwa fedha hiyo nimepata magari mawili. La kwanza ni Boxster ya 1998, injini ya lita 2.5, kilomita 190,000. Muuzaji anasema haina shida, ila "inatoka jasho la oili kidogo kwa chini, zote ziko hivyo". La pili ni Mazda MX-5 ya 2001, lita 1.8, kilomita 120,000, imekaa kwa mtu mmoja tangu 2006 na risiti zote anazo. Boxster itanimalizia fedha yote. MX-5 itaniachia kama robo. Wenzangu wananicheka, wanasema MX-5 ni gari la kuchezea. Litakuwa gari la mwisho wa wiki tu, la kazini lipo. Naomba ushauri, na tafadhali usinionee huruma.

Mwenye Bajeti Iliyobana

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpelekee mgonjwa pole zangu, na huyo mwenzako mwambie namwombea nguvu.

Umesema nisikuonee huruma, basi naanza na lililo gumu: Boxster hiyo usiichukue. Siikatai kwa ubaya. Ni gari ninalolipenda, na injini ile ya silinda sita zilizolala, ikiimba nyuma ya mgongo wako, haina mbadala. Lakini bei ya gari hushuka mwaka hadi mwaka. Bei ya spea zake haishuki, wala saa za fundi hazishuki. Boxster ya 1998 utauziwa kwa bei ya gari la kawaida, halafu siku klachi ikiisha utanunua klachi ya Porsche.

Haya yalinikuta mwenyewe. Nikiwa na miaka thelathini na moja nilinunua gari la milango miwili la silinda sita, chapa yake naiacha, kwa nusu ya bei ya yaliyo mazima. Lilikuwa la kijani kilichokolea, viti vya ngozi rangi ya ugoro. Nilijiambia mimi ni fundi, kazi nitaifanya mwenyewe. Na kazi kweli niliifanya mwenyewe. Spea ndizo ambazo sikuweza kuzichonga. Flaiwili na klachi peke yake vilikula theluthi ya bei niliyolinunulia. Likakaa juu ya mawe miezi kumi na minne. Kila asubuhi nikienda kazini nilikuwa napita naligusa boneti, kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Nililiuza kabla sijaliendesha hata mara kumi. Fedha iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni miezi ile yote bila kuendesha.

Ndiyo maana bajeti ikipungua, mimi hupunguza farasi, yaani nguvu ya injini, na uzito. Hali ya gari siigusi.

Sasa tulitazame hilo jasho. Muulize muuzaji linatoka wapi hasa. Likitoka pale injini inapokutana na giaboksi, mara nyingi ni sili ya nyuma ya krenki, yaani kizuizi cha oili kwenye shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Sili yenyewe ni kitu kidogo, lakini ili uifikie lazima giaboksi ishuke, na giaboksi ikishashuka ni hasara kuirudisha bila kubadilisha klachi. Hapo hapo utakuwa umefika kwenye beringi ya shafti ya kati, ambayo kila mwenye Boxster ya kizazi cha kwanza, ya 1996 hadi 2004, anaijua. Shafti hiyo huzungushwa na krenki na ndiyo inayoendesha minyororo ya taiming, inayopanga valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Beringi yake ikivunjika taiming inapotea, valvu zinagonga pistoni, injini inanoki. Nisikutishe kupita kiasi: nyingi hazijawahi kuvunjika, na za miaka ya mwanzo kama hiyo ya 1998 zilifungwa beringi ya safu mbili, iliyo imara kuliko ile ya safu moja iliyokuja baadaye kidogo. Lakini umeona jinsi neno "kidogo" la muuzaji lilivyobeba kazi tatu ndani yake, na wewe utakuwa umempa fedha yote.

Kama moyo bado unakataa, basi mwombe akuruhusu mambo mawili kabla ya kulipa. Piga tochi kwenye matundu ya hewa ya bampa la mbele, kulia na kushoto. Rejeta ziko humo, na majani makavu hujikusanya mbele yake, yakinyeshewa yanashika unyevu na kuzitafuna taratibu. Halafu chujio ya oili itolewe, ikatwe, karatasi yake itandazwe juani. Ukiona vipande vya chuma vinametameta, shukuru, rudi nyumbani. Muuzaji anayekataa vyote viwili ameshakujibu.

MX-5 hiyo ya 2001 ndiyo inayonifurahisha. Ni kizazi cha pili, kilichotengenezwa 1998 hadi 2005. Injini iko mbele, inasukuma magurudumu ya nyuma, na ukifungua boneti kila kitu unakiona: plagi, koili, mikanda, rejeta. Kwenye Boxster injini huioni kabisa. Inafikiwa kutokea chini, nyuma ya viti na chini ya paa, na kila hatua hiyo ni saa za fundi unazolipia. Tairi za MX-5 ni ndogo na zote nne ni saizi moja. Za Boxster za nyuma ni pana kuliko za mbele, huwezi kuzibadilishana. Na MX-5 zilizotengenezwa tangu 1989 zilifika milioni moja mwaka 2016, ndiyo maana spea zake hazikusumbui, mpya na za mtumba.

Adui yake ni kutu, na hapa nataka uniandikie chini. Mwombe mwenye gari chupa ya lita moja ya maji. Funga paa la turubai, kisha nenda kwenye kona yake ya nyuma, pale linapokutana na bodi nyuma ya mlango. Mimina polepole, huku mwenzako amechuchumaa anaangalia chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Maji yanatakiwa yatoke pale, upesi na meupe. Yakichelewa, tundu la kutolea maji limeziba. Yakitoka na rangi ya matofali, au yasipotoka kabisa, yamekuwa yakilala ndani ya boksi la bati lililo chini ya mlango kwa miaka, na kutu imekula kutokea ndani kuja nje, hata kama rangi ya juu inang'aa. Rudia upande wa pili. Halafu ingiza mkono nyuma ya viti, ubonyeze zulia. Likiwa na unyevu, majibu ni yale yale.

Kisha lala chini kabisa, utazame mihimili ya mbele ya chasisi, ile inayopita chini ya injini kwenda kwenye bampa. Kizazi hiki cha pili kina mabati mawili yaliyopandana pale, na maji yakiingia katikati hayatoki. Bonyeza kwa kidole gumba kwa nguvu. Usione haya. Chuma kizima hakikubali. Kilichooza kinabonyea na unga mwekundu unadondoka. Ukikuta hivyo, risiti zote za duniani hazikusaidii, tafuta nyingine. Ziko nyingi, na hilo ndilo jambo zuri la kununua gari ambalo wengi wanalo.

Mengine ni ya gari lolote. Fika mapema na umwambie asiliwashe kabla hujafika, kwa sababu injini baridi ndiyo inayosema ukweli. Boneti likiwa na joto, uliza kwa nini. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za chapa nne tofauti zinanieleza kuhusu mwenye gari kuliko anavyojieleza mwenyewe. Na kwa MX-5, mkanda wa taiming taka kuona risiti yake, neno la mdomo halitoshi.

Kuhusu wenzako wanaocheka. Sitakudanganya, Boxster ina kasi zaidi. Ile ya lita 2.5 ina farasi 204 na hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde saba hivi. MX-5 ya lita 1.8 ina kama 140 na huchukua zaidi ya sekunde nane. Lakini MX-5 ina uzito wa tani moja na kidogo tu. Nimeyaendesha yote mawili, na kwenye barabara ya kona kona gari la pili ndilo lililonitoa jasho la raha. Unaingiza gia ya pili, mpini unaingia kwa mwendo mfupi kama swichi, unakanyaga mpaka sindano inagusa nyekundu, na bado hujavunja sheria. Usukani unakuletea kila kokoto kwenye vidole. Gari lenye nguvu nyingi hukulazimisha kusubiri barabara itakayolitosha. Hao wanaocheka, mmoja mmoja mpe ufunguo kwa dakika ishirini.

Iko njia ya tatu, kama kinachokuvuta kwenye Boxster ni injini kukaa nyuma ya kiti. Tafuta Toyota MR2 ya kizazi cha tatu, ya 1999 hadi 2007. Injini ya lita 1.8 imekaa katikati, gari zima lina uzito wa kama tani moja, na spea nyingi za injini ni zile za Toyota za kawaida. Mizigo haina pa kukaa, hilo ulijue. Na zile za miaka ya mwanzo zina katalisti ndogo, yaani vichujio vya kusafisha moshi, ndani ya manifoldi ya ekzosi, bomba la kwanza linalotoa moshi kwenye injini, ambazo zikichoka husagika na unga wake hurudi ndani ya silinda, injini ikaanza kunywa oili. Fundi afungue sensa za oksijeni za juu na kumulika kwenye tundu. Vitundu vya katalisti vinatakiwa vionekane vizima kama sega la nyuki. Akiona pengo au vumbi, usinunue.

Hiyo robo itakayobaki usiiite faida. Ni sehemu ya bei ya gari. Kabla hata ya kutoa oda, uliza bima watakutoza kiasi gani kwa gari la spoti la viti viwili, kwa maana wengine huona viti viwili tu wakapandisha. Kisha badilisha oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, maji ya breki, maji ya rejeta, na mkanda wa taiming kama risiti haina uhakika. Tairi zikiwa zimezeeka, nazo pia. Zitakazobaki ziweke mbali na mkono wako kwa mwaka mzima. Mimi gari langu la kijani lingepona kama ningekuwa na robo hiyo.

SWALI

Mama Fundi, nimeona Mazda RX-8 ya 2005 kwa bei ndogo kuliko hata gari la kwenda sokoni. Farasi zaidi ya 200, milango minne, nzuri mno. Kwa nini ni rahisi hivyo?

Msomaji Mwenye Haraka

JIBU

Kwa sababu ya injini, ndugu yangu, na haraka yako naomba uipunguze. RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya nyumba zake, lita 1.3 jumla, na kwenye kila ncha ya rota kuna sili nyembamba ya chuma. Sili hizo hulainishwa na oili ambayo injini huichoma kwa makusudi, kwa hiyo kuongeza oili mara kwa mara ni kawaida yake, si ugonjwa. Mtu aliyelitunza kama gari lingine lolote ameliua bila kujua. Sili zikichakaa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, inashuka, na dalili yake ya kwanza ni gari kugoma kuwaka likiwa na moto.

Kipimo cha kompresheni cha kawaida hakifai hapa. Kinatakiwa cha rota, kinachosoma pande zote tatu za kila rota, moja moja. Kama karibu nawe hakuna fundi mwenye kifaa hicho, basi hakuna atakayekutengenezea gari hilo pia. Akiwepo, lipimwe kwanza. Kisha liendeshe nusu saa mpaka lipate moto sawasawa, lizime, subiri dakika kumi, uliwashe tena mwenyewe. Muuzaji akianza kusema betri ni dhaifu, mrudishie ufunguo.