Operoni ya triptofani: acha kukariri, chora

Juzi msomaji wa mwaka wa pili kaniandikia: “Dada, operoni ya triptofani nimeikariri yote, ila swali likigeuzwa kidogo tu naumbuka. Wewe ulifanyaje?” Nilicheka. Swali hilohilo ndilo lililonipa A, kwa mhadhiri aliyewahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba jenetiki si ya watu wa aina yangu. Sijamsahau.

Jeni 5 za kutengenezea triptofani, moja ya asidi amino zinazojenga protini, zimepangana kwenye DNA ya bakteria E. coli na hunukuliwa (hunakiliwa kuwa mRNA) kwa mkupuo mmoja; kundi kama hilo ndilo operoni. Triptofani ikijaa kwenye seli, hujishika na protini kizuizi, nayo huganda mwanzoni mwa operoni. Unukuzi unakosa pa kuanzia. Wengi hufunga daftari hapo. Mimi niligoma, kwa sababu Charles Yanofsky na wenzake wa Stanford walichunguza bakteria wasio na kizuizi hicho, na bado bakteria hao wakinyimwa triptofani walizidi kuzinukuu jeni hizo. Maana yake kuna breki ya pili.

Nikachukua kalenda kuukuu, nikakata utepe wa karatasi, nikauita mRNA, ile nakala ya jeni, nikagawa mwanzo wake sehemu 4 zinazoweza kujikunja na kushikana. Bwenini walinicheka sana. Mwanzoni mwa utepe kuna maelekezo ya kipeptidi (mnyororo mfupi) cha asidi amino 14, mbili kati yake ni triptofani zilizofuatana. Ribosomu ya bakteria, mashine ya kuunda protini, huanza kusoma mRNA ingali inanukuliwa. Triptofani ikiwa haba, ribosomu inakwama kwenye kodoni 2 za triptofani (kodoni ni herufi tatu za mRNA zinazotaja asidi amino). Sehemu ya 2 inajikunja na ya 3, unukuzi unaendelea. Ikiwa tele, ribosomu inapita na kuifunika sehemu ya 2. Ya 3 inajikunja na ya 4, na polimerasi, kimeng'enya kinachonukuu, inang'oka kabla ya kuzifikia jeni. Kizuizi hupunguza unukuzi takriban mara 70, mkunjo huu mara 8 hadi 10, na hesabu hizo huzidishwa, hazijumlishwi.

Sasa usiniambie huna muda. Wa kuperuzi simu unao! Chora. Ukichoka, chora tena. Halafu jiulize: kodoni zile 2 zikibadilishwa kuwa za asidi amino nyingine, ribosomu itakwama kwa njaa ya nini? Ukishajibu, nenda kwenye operoni ya histidini, ambayo kipeptidi chake kina histidini 7 mfululizo. Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, mpe karatasi yake peke yake: yeye hutumia protini ya vipande 11 inayoishika mRNA, na watunga mitihani hupenda kunasa watu hapo.