Matuta au taa? Kwanza mtuambie maeneo ya wazi yalikwenda wapi

Wiki hii mmeuliza: ili watembea kwa miguu wawe salama mtaani kwenu, kianze nini, matuta au taa za barabarani? Mimi nakaa Sinza, Dar es Salaam, na swali limenichoma. Ni kama vile mwenda kwa miguu ana pa kupita, amebakiza kumulikiwa tu.

Sinza haikujiotea. Ilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliopata fedha za Benki ya Dunia, sambamba na Kijitonyama na Mikocheni. Kwenye ramani maeneo ya wazi yalikuwemo. Leo ukiyatafuta, hapa utakuta baa, pale gereji. Watoto wamehamia barabarani na rede yao, na pembeni, juu ya mifuniko ya mtaro ambako tungepita sisi, wateja wa baa wamepaki magari. Mama mwenye mtoto mgongoni anapita katikati akigombana na bodaboda.

Kwa hiyo matuta siyapendi. Na kwetu tulishawahi kuwa nalo, la kujitengenezea.

Mtoto wa jirani aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri wa serikali ya mtaa, ikaenda, ikanyamaza. Vijana wakasema basi, tunajenga wenyewe. Mzee mmoja akatoa mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ukuta wake, mwingine kokoto, muuza chapati akaleta chai. Kazi ikafanyika usiku, na usiku ule kila mtu alikuwa fundi. Mmoja anataka kimo cha goti, mwingine anasema hilo ni tuta au kaburi? Hakuna aliyeshika futi. Kulipokucha, bajaji ya kwanza ilikwaruza tumbo ikabaki inaning'inia, abiria wakashuka kusukuma. Madereva wa teksi za mtandao wakaanza kututaka tuwafuate barabara kubwa, na mizigo yetu. Kisha ikanyesha. Maji yakakosa njia, yakatuama pale pale langoni kwa mzee aliyetoa saruji. Alitukana mtaa mzima, akiwemo yeye mwenyewe. Mwishowe wahusika wa barabara, wale wa barua, wakaja na mitambo wakalivunja kabla ya saa ya chai.

Lakini niseme ukweli: siku zote lilizokuwepo, kuanzia lile tuta hadi dukani, hakuna aliyegongwa. Bodaboda walinung'unika huku wakipunguza mwendo. Watoto walilikalia kama benchi.

Basi mkinibana nichague, nachagua tuta. Ila liwe pana, bapa juu, zebra ichorwe juu yake, na maji yaachiwe njia. Lianzie kwenye lango la shule. Si ndoto: shirika la Amend limefanya kazi ya namna hiyo kwenye shule za Dar es Salaam, njia za miguu, vivuko na matuta, na mwaka 2019 likapata tuzo ya kimataifa. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa vichochoro vyetu hizo ni nyingi mno, 30 zinatosha.

Mkija kusafisha pembeni, msianze na mama lishe kama ilivyo desturi. Meza yake naizunguka kwa hatua mbili. Anzeni na yale magari.

Na wanaoleta saruji waje pia na ramani ya mipango miji, waibandike ofisi ya serikali ya mtaa, tuone kila eneo la wazi limeishia kwa nani. Taa zinaweza kusubiri, ingawa mke wangu, anayetoka kazini saa tatu usiku, amesoma hapa akasema niandike kwamba yeye hajakubali.

Msomaji, Sinza