UY Scuti haiongozi tena

Ndugu, umeuliza kama UY Scuti bado ndiyo nyota kubwa kuliko zote. Hapana. Vipimo vya 2012 viliipa kipenyo mara 1,708 ya kile cha Jua, lakini vilitegemea makadirio ya umbali. Data ya Gaia, chombo cha angani kinachopima umbali wa nyota, ilipoonyesha iko karibu zaidi nasi, ukubwa wake ukashuka hadi takriban mara 900. Darubini hupima tu upana unaoonekana angani, kwa hiyo ukikosea umbali umekosea ukubwa pia. Isitoshe, nyota kubwa namna hii hazina ukingo kamili. Gesi hupungua polepole kuelekea nje kama moshi.

Mimi ningeweka mbele VY Canis Majoris, takriban mara 1,420, na WOH G64 ya Wingu Kubwa la Magellan (galaksi ndogo jirani yetu), iliyokadiriwa karibu 1,540 mwaka 2009. Stephenson 2-18 inayotajwa kwa 2,150 siikubali: umbali wake unabishaniwa, na nadharia huziwekea nyota za aina hii kikomo cha karibu 1,500.

VY Canis Majoris ikiwekwa mahali pa Jua ingemeza hata Mshtarii, ilhali uzito wake ni kama Majua 17 tu. Gesi yake ni nyepesi mno kuliko hewa tunayovuta!

Ukitaka kuona jitu kwa macho yako, mwishoni mwa Januari saa nne usiku tazama karibu na utosi hapa Nairobi: ile nyekundu ni Betelgeuse, mara 700 na ushee. Taa za mji haziifichi.