Kituo cha watoto wa wachuuzi: usajili na ada

Dada yangu, umeuliza kama kikundi chenu kianze kupokea watoto wa wachuuzi wa sokoni kabla ya usajili, na wasio na ada wafanyweje. Msianze. Kwa Tanzania Bara, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hivyo nendeni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu, awaeleze masharti ya jengo, vyoo na walezi. Kuhusu ada, anayeuza mboga alipe kidogo kidogo kila siku, kwa kuwa hapokei mshahara, na aliyekwama kabisa apike uji kwa zamu. Uji huo, kwa maoni yangu, msiufute hata fedha zikipungua.