Kununua mashine ya leza ya kwanza: yajue haya kabla hujatoa pesa

Ukiingia kwa muuzaji wa mashine za leza, zile zinazokata na kuchora kwa mwanga mkali, atakuuliza una pesa kiasi gani. Mwache asubiri. Jibu kwanza swali lako mwenyewe: bidhaa utakayoanza kuuza imetengenezwa kwa kitu gani? Anayetaka kuuza hereni za mbao na mabango ya majina kwa sherehe za kwanjula (utambulisho wa wachumba), na anayetaka kutengenezea shule tuzo za akriliki (plastiki ngumu kama kioo) inayopitisha mwanga, hawawezi kununua mashine moja hata kama mifuko yao inalingana.

Fundi mdogo ana aina mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya dayodi, yaani kifaa kidogo cha kutoa mwanga, na mwanga wake ni wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Inakata plaiwudi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), kadibodi, ngozi, olubugo (kitambaa cha gome la mti) na akriliki nyeusi. Akriliki angavu haiiwezi: mwanga unapita kama jua dirishani, halafu kinachoungua ni meza ya chini. Ya pili ni ya CO2, yenye tyubu ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, nanomita 10,600. Hiyo inakata akriliki ya rangi yoyote, inachora kioo, na pembe za ng'ombe wa Ankole inazichora vizuri, ingawa harufu ni ile ya nywele zinazoungua na haitoki chumbani upesi. Kuna pia leza ya faiba kwa wachoraji wa chuma, lakini mbao haitakukatia. Iache kwa sasa.

Ushauri wetu kwa wengi: kama bidhaa yako ni mbao, ngozi au olubugo, anza na dayodi ya wati 10 au 20. Nenda kwenye CO2 pale tu ambapo akriliki angavu ndiyo itakayokulipia kodi ya chumba.

Sasa habari ya wati, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa mchana kweupe. Tangazo linasema "wati 80" kwa herufi kubwa. Mara nyingi hizo ni wati za umeme unaoingia, au ni namba iliyobandikwa tu. Unachotaka kujua ni nguvu ya mwanga unaotoka. Dayodi moja ya bluu hutoa wati 5 hadi 6 hivi, kwa hiyo kichwa cha wati 10 kina dayodi mbili zilizounganishwa, cha 20 kina nne, cha 40 kina nane. Muulize muuzaji: ndani ya kichwa mna dayodi ngapi? Akishindwa kujibu, uliza aonyeshe plaiwudi ya milimita 3 ikikatwa kwa pasi moja, yaani leza ikipita mara moja tu, na umpimie kasi kwa saa ya simu. Wati 10 za kweli zitakata plaiwudi laini ya unene huo kwa kasi ya karibu milimita 300 kwa dakika, hewa ikiwa inapulizwa. Wati 5 zitahitaji pasi kadhaa na kingo zitakuwa nyeusi kama mkaa.

Kwa upande wa CO2, mashine ya bei nafuu zaidi ni ile ya bluu na nyeupe inayoitwa K40. Eneo lake la kazi ni milimita 300 kwa 200. Imeandikwa wati 40, lakini tyubu fupi inayokuja nayo kwa kawaida hutoa kama 30 hadi 35. Ni mashine nzuri kwa mtu anayependa kufungua na kufunga. Kwa anayetaka kuchomeka na kuanza biashara kesho, itamtoa jasho: vioo vitatu na lenzi lazima vilingane, kitanda cha kuwekea kazi hakipandi wala kushuka, na feni ya moshi ni dhaifu.

Tyubu ni ya kioo na inapozwa kwa maji. Pampu ikisimama dakika chache huku leza inawaka, kioo kinapasuka na umeagiza nyingine. Tumia ndoo ya lita 20 na maji ya betri, yale ya kuongezea, usikosee ukanunua asidi. Maji ya bomba yana chumvi zinazopitisha umeme na zinazoganda ndani. Joto la maji libaki kati ya nyuzi 15 na 25. Mchana wa Kampala maji ya ndoo yanavuka 25 bila kazi yoyote, kwa hiyo weka chupa mbili za maji kwenye friza na uzitumbukize kwa zamu. Usiyapoze mno, maana tyubu ikitokwa na umande umeme unaruka. Kabla ya kuwasha, inua upande mmoja wa mashine mpaka mapovu yote yatoke ndani ya tyubu. Povu moja likikaa karibu na ncha linatosha kuipasua. Kwenye mita ya miliampia, inayopima umeme unaopita kwenye tyubu, usipite 15 ukitaka tyubu idumu.

La muhimu kuliko yote hayo: umeme wa tyubu unafika volti elfu kumi na zaidi. Mashine hii haifai kuguswa kwenye nyumba isiyo na waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), na nyumba nyingi za kupanga soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya lile la tatu hakuna kitu. Mlipe fundi umeme apime athi kabla hujanunua. Hii peke yake inatosha kumfanya mpangaji achague dayodi.

Kukatika kwa umeme nako kunaipa dayodi alama. Mashine ya dayodi ya wati 10 au 20 kwa kawaida inatumia adapta ya volti 24, na yote kwa jumla haivuki wati 150. Inverta ndogo na betri ya sola vinaibeba. K40 pamoja na pampu na feni inataka mara tatu au nne ya hapo. Umeme ukikata katikati ya kazi, mashine nyingi husahau zilipoishia na kipande kinakuwa kuni. Usisogeze ubao, huenda ukaweza kuanza upya kutoka kona ileile, lakini usitegemee hilo.

Bei ya mashine si bei ya kuanza kazi. Ukiagiza kutoka China, ushuru wa forodha unahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa. Kisha kuna vitu ambavyo muuzaji havitaji: pampu ya hewa ya kupuliza pale leza inapokata, isiyopungua lita 30 kwa dakika, kitanda cha matundu kama sega la nyuki, na feni ya moshi yenye bomba la milimita 150. Feni iweke mwisho wa bomba, dirishani, ili bomba likitoboka livute hewa ndani badala ya kumwaga moshi chumbani. Kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, unakolala na watoto, usifanye kazi hii kabisa. Tafuta kibaraza chenye ukuta au ghala.

Miwani ya dayodi iwe imeandikwa kwamba inakinga nanomita 450, na kiwango cha OD5 (kipimo cha uwezo wa kuzuia mwanga) au zaidi. Ile ya plastiki nyembamba inayokuja bure kwenye boksi isiyoandikwa chochote, mpe mtoto achezee. Mashine iliyofungwa yenye kifuniko na swichi ya kuzima ukifunua ni bora kuliko fremu wazi, hasa pakiwa na wateja wanaochungulia. Na usiiache ikikata peke yake ukaenda kuitikia boda. Mtungi wa kuzimia moto ukae mkononi.

Ngozi bandia ya makochi na vifaa vya PVC usivikate kamwe. Moshi wake unatoa asidi inayoharibu mapafu na kuozesha reli za mashine. Huna uhakika? Chovya waya wa shaba uliopashwa moto kwenye kipande, urudishe kwenye moto: ukiwaka kijani, kirudishe dukani.

Tatizo litakalokula muda wako kuliko yote ni plaiwudi. Mbao za dukani zimetengenezwa kwa ujenzi: katikati kuna mafundo, mashimo yaliyozibwa, na gundi ya kuzuia maji ambayo leza ndogo inaikwaruza tu. Unakata kumi, nane zinadondoka, mbili zimeshikilia kwenye fundo. Nunua kipande kimoja kwanza, kata miraba ya sentimita 5 sehemu tano tofauti, na urudi kwa muuzaji huyohuyo kwa shehena hiyohiyo. Wakati wa mvua ubao unapinda, na ukiinuka milimita 2 tu leza inapoteza umakini na haikati. Lundika mbao chini ya matofali, na ukiziweka kitandani zibane kwa sumaku. MDF inakata sawasawa zaidi, ila lenzi itakuwa na utandu kila siku; ifute kwa pamba na alkoholi safi.

Programu hazikupi shida. Inkscape ya kuchora ni bure, LaserGRBL ya kuendesha dayodi pia ni bure, na K40 ya kawaida inaendeshwa kwa K40 Whisperer. LightBurn inalipiwa lakini inakupa muda wa kujaribu.

Halafu piga hesabu ya dakika kabla hujataja bei. Jozi ya hereni yenye mistari ya milimita 900 kwa kasi ya 300 kwa dakika ni dakika tatu: jozi ishirini kwa saa, mashine ikiwa haijakwama. Kuchora ndiko kunakodanganya. Picha ya sentimita 10 kwa 10, mistari ikiachana kwa milimita 0.1, ni mistari 1,000, yaani mita 100 za mwendo. Kwa kasi ya milimita 6,000 kwa dakika ni karibu dakika 17, bila kuhesabu kichwa kinapogeuka kila mwisho wa mstari. Mteja akisema "kidogo tu, weka na picha ya bwana harusi", mwambie bei ya nusu saa.